Anzia Uvunguni: Namna ya Kununua Gari la Porini Lililokwishatumika

Kabla hujampigia simu dalali yeyote, chukua ramani ya Tanzania uweke alama kila mahali unapokusudia kwenda kulala na hema katika miaka miwili ijayo: Ruaha, Katavi, Ziwa Natron, Saadani, popote moyo unapokutuma. Kisha kwa kila alama jiulize, gari likinizimikia hapa, fundi wa karibu yuko mji gani, na spea ataitoa wapi? Wengi huchagua gari la porini kwa nguvu zake za kupanda mlima na kuvuka tope. Mimi nakushauri ulichague kwa urahisi wa kulitengeneza. Gari lililokwishatumika litaharibika siku moja, hilo halina mjadala, na siku hiyo kitakachokuokoa ni kwamba fundi wa Mpanda au Loliondo amekwisha kuifungua injini ya aina hiyo mara nyingi na anajua boliti ipi inakatika.

Ndiyo maana Land Cruiser zile tunazoziita mkonga, zenye injini ya dizeli ya 1HZ, hazishuki bei hata zikizeeka. Injini hiyo ni ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo, na pampu yake ya mafuta inafanya kazi kwa chuma kitupu bila kompyuta. Hospitali za misheni, polisi, halmashauri na hifadhi zimeitumia kwa miaka mingi, kwa hiyo kila mji wa wilaya una mtu anayeijua. Dizeli iliyochakachuliwa au yenye maji kidogo haiiui haraka kama inavyoziua injini za kisasa. Ubaya wake ni kwamba inakwenda taratibu, ina kelele, na nyingi zinazouzwa zimekwisha kufanyishwa kazi kwelikweli. Zile za kabla ya 1999 zina springi za majani mbele na nyuma, na mgongo wako utalijua hilo kabla hujafika Dumila. Kuanzia 1999 eksili ya mbele iliwekewa springi za kuzunguka, na safari ikawa na unafuu.

Huenda lakini gari kubwa namna hiyo hulihitaji. Mikumi iko kando ya lami ya Morogoro kwenda Iringa, na wakati wa kiangazi njia zake kuu za ndani hupitika kwa RAV4 au X-Trail yenye tairi nzuri na dereva mwenye subira. Kama safari zako ni za namna hiyo, mara mbili tatu kwa mwaka, nunua gari dogo lenye afya na fedha inayobaki uitumie kusafiri. Magari hayo yana mipaka miwili tu ambayo ni lazima uikubali mapema. Hayana gia nzito za 4L, zile zinazokuwezesha kushuka mteremko wa mawe bila kukanyaga breki au kujitoa kwenye mchanga bila kuichoma klachi. Pia bodi zake ndizo zinazobeba uzito wote, kwa sababu hayana chesisi ya chuma inayojitegemea. Barabara ya matuta ya kwenda Natron itayachosha.

Wanunuzi wengi wenye familia huishia kwenye Prado, na hapo inafaa tukae kidogo. Prado ya kizazi cha 90, iliyotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2002, huja mara nyingi na injini ya dizeli ya 1KZ-TE ya lita 3.0. Ni injini nzuri yenye udhaifu mmoja mkubwa: silinda hedi yake ni ya alumini, na ikichemka mara moja tu inaweza kupasuka. Gari la namna hii likiwa limewahi kuchemka, muuzaji hatakuambia, lakini rejeta itakuambia, na nitakuonyesha namna ya kuiuliza. Kizazi cha 120, cha kuanzia 2002 hadi 2009, mara nyingi kina 1KD-FTV. Hii ina nguvu zaidi na inakunywa kidogo, ila nozeli zake ni ghali na hazivumilii mafuta machafu. Katika zile za mwanzo, washa za shaba zilizo chini ya nozeli huvujisha moshi wa mwako kuingia kwenye oili. Oili hiyo hugeuka masizi mazito, huziba chujio lililo chini ya injini, na injini hufa kwa kukosa oili ilhali kijiti kinaonyesha imejaa. Muulize mwenye gari kama washa hizo zimewahi kubadilishwa. Asipoelewa swali, jibu umelipata.

Injini hizo mbili, pamoja na 1HZ, hutumia mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kutegemea injini. Kama hakuna karatasi wala stika inayoonyesha ulibadilishwa lini, chukulia kwamba haujabadilishwa na uhesabu gharama hiyo kwenye bei. Prado za petroli zenye injini ya lita 2.7, yaani 3RZ na 2TR, hutumia cheni. Watu huzidharau kwa sababu ya matumizi ya mafuta, nami nadhani wanazionea. Kwa mtu anayesafiri mara chache, injini ya petroli isiyo na turbo wala nozeli za bei mbaya inaweza kuwa nafuu kwa jumla. Tena kijijini petroli hukosekana mara chache kuliko dizeli, kwa sababu bodaboda ziko kila mahali na petroli ya chupa inauzwa kando ya njia.

Suzuki Jimny ni ndogo, nyepesi, ina chesisi, eksili ngumu mbele na nyuma, na gia za 4L. Katika tope jepesi itapita pale ambapo gari la tani mbili linazama. Ila ni gari la watu wawili na mizigo yao, usijidanganye kwamba watoto watakaa vizuri hadi Katavi. Escudo ya kuanzia 2005, ile yenye kitufe cha 4L, ni chaguo zuri lisilotajwa vya kutosha. Nissan Patrol yenye TD42 ni chuma cha kuaminika, ila ukiwa mbali na miji mikubwa spea zake ni za kuagiza. Land Rover na Pajero zina wapenzi wao na mafundi wao. Kama fundi huyo ni ndugu yako, nunua.

Bajeti yako yote usiimalize kwenye gari. Robo nzima iache benki kwa ajili ya miezi mitatu ya kwanza: tairi, betri, bushi, oili za injini na gia boksi na difu zote mbili, mipira ya rejeta, mkanda. Ukiwa na shilingi milioni 40, tafuta gari la milioni 30. Anayenunua la milioni 40 kwa milioni 40 huenda porini na tairi za muuzaji.

Siku ya kwenda kuliangalia, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, omba muahirishe hadi kesho asubuhi, kwa sababu injini iliyopashwa moto huficha matatizo mengi. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Maji yenye rangi ya kutu, au yenye utando wa mafuta juu, ni habari mbaya. Sasa mwache mtu awashe nawe ukiwa unaangalia pale pale. Mapovu yanayopanda mfululizo, au mpira wa juu wa rejeta unaokuwa mgumu ndani ya dakika moja wakati injini bado ni baridi, maana yake hewa ya mwako inaingia kwenye maji: gasketi imeungua au hedi imepasuka. Kwa Prado ya 1KZ hapo ndipo unapoaga.

Moshi nao una lugha. Mweusi kidogo dizeli inapokanyagwa si neno, mweusi mwingi ni nozeli au pampu. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito usiokwisha baada ya injini kupata moto ni maji, au dizeli isiyoungua sawasawa. Sikiliza pia sauti: 1KD inayogonga kama nyundo asubuhi na kutulia baadaye inakuomba nozeli.

Kisha ingia uvunguni. Vaa nguo za kazi, beba tochi na kipande cha boksi cha kulalia, na usimwachie fundi peke yake kazi hii hata kama hujui kitu. Kinachotafutwa ni chesisi. Magari yaliyotumika sehemu za Japani zenye theluji hupitishwa kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi, na chumvi huila chesisi kutoka ndani. Yaliyokaa muda mrefu Zanzibar au ufukweni huwa na ugonjwa huohuo. Gonga taratibu kwa bisibisi nzito maeneo ya nyuma, juu ya eksili na pale shokapu zinapofungwa. Chuma kizima hutoa mlio mkali, kilichooza hutoa mlio wa kufa. Rangi nyeusi mpya uvunguni kwenye gari la miaka 20 ifanye ikutie shaka. Tafuta alama za kuchomelea kwenye chesisi, hasa karibu na boksi la usukani na vishikio vya springi. Gari lililochomelewa hapo limewahi kubeba mzigo kupita kiasi au limewahi kugonga, na barabara ya matuta itaufungua mshono huo.

Ukiwa bado chini, angalia difu zote mbili na gia boksi kama zinavuja. Fungua boliti ya kujazia oili kwenye difu, chovya kidole. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, yaani gari limevuka mto na halikuhudumiwa baadaye. Shika propela shafti uitikise, isiwe na mchezo. Kwa magari yenye eksili ngumu mbele, kama mkonga, Patrol na Jimny, tazama zile duara kubwa nyuma ya tairi za mbele. Zikiwa zimelowa mchanganyiko wa grisi na oili, sili zimekufa, na kazi ya kuzibadilisha ni ya kutwa nzima na zaidi.

Mfumo wa kuendesha tairi nne ndio unaokufanya ulipe zaidi, na ndio unaopimwa kidogo kuliko vyote. Prado nyingi zilizoishi mjini hazijawahi kufungwa difu ya kati tangu zishuke melini. Kijimota kinachofanya kazi hiyo hushika kutu kwa kukaa bila kutumika, na mwenye gari anaweza kuwa hajui. Usikubali kupimiwa kwenye lami. Nendeni mahali penye vumbi au mchanga.

Elewa kwanza ni mfumo wa namna gani. Prado nyingi huendesha tairi zote nne wakati wote, na zina difu ya kati inayoweza kufungwa. Kwenye ile ya 90 utaona mkono mdogo wa gia wenye herufi H, HL, N na LL: H ni mwendo wa kawaida, HL hufunga difu ya kati, LL hufunga na kuingiza gia nzito. Kwenye za baadaye kazi hiyo au sehemu yake hufanywa na kitufe. Funga difu, endesha mita chache, na uangalie taa kwenye dashibodi. Ikiwaka na kutulia, imefunga. Ikiendelea kupepesa hata baada ya kwenda mbele na nyuma na kukata kona kidogo, haikufunga, hata muuzaji aape. Ukishafunga, kata usukani wote na uende polepole kwenye vumbi: utasikia gari likijivuta na kukataa kona. Hiyo ni dalili njema.

Mkonga na Jimny ni tofauti. Kwa kawaida husukumwa na tairi za nyuma tu, na za mbele huingizwa unapohitaji. Baadhi zina vifungio kwenye vikombe vya tairi za mbele ambavyo unashuka na kuvizungusha kwa mkono. Vizungushe vyote viwili mwenyewe. Ingiza 4H, yaani tairi zote nne kwa mwendo wa kawaida, kisha simama kabisa uingize 4L, na upande kilima kifupi taratibu. Sauti ya kukwaruza, gia inayoruka, au mkono unaohitaji kupigwa teke ni matengenezo makubwa. Magari ya aina hii usiyaendeshe kwa 4H kwenye lami kavu, mfumo hujifunga na kuvunjika.

Jaribio la barabarani lisipungue nusu saa. Pandisha kilima ukiwa umewasha kiyoyozi na uangalie geji ya joto. Lifikishe gari kilomita 80 kwa saa. Usukani ukianza kutikisika kwa nguvu baada ya kupita shimo kwenye gari la eksili ngumu, beringi za kwenye kona za eksili au bushi zimechoka. Kiache kioo wazi na usikilize unapokata kona yote: tik-tik-tik ya mfululizo inatoka kwenye viungo vya shafti za mbele.

Fundi awe wako, asiwe yule ambaye dalali amekuja naye. Mlipe ujira kamili hata ukiliacha gari, ili asiwe na sababu ya kutaka ulinunue. Kwa gari lenye kompyuta, apime kwa mashine. Na usitoe kishika uchumba kabla hajamaliza.

Tairi zina tarehe ya kuzaliwa: tafuta tarakimu nne pembeni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zilizopita miaka sita usizipeleke porini hata kama kashata zake bado ni ndefu, mpira uliokauka hupasuka kwenye joto na mawe. Tairi la akiba pia lisome.

Kwenye karatasi, herufi za namba ya usajili zinakuonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, hazionyeshi lilitengenezwa lini. Gari la 1998 linaweza kabisa kuwa na namba D. Linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chuma. Kwa Toyota nyingi zenye chesisi, iko upande wa kulia mbele, karibu na tairi. Kama kadi ina jina la benki pamoja na la mwenye gari, kuna mkopo, usilipe hadi benki itoe barua. Angalia faini za barabarani kwa namba ya gari, maana deni linafuata gari. Magari ya miradi na mashirika yaliyoingia kwa msamaha wa kodi yanahitaji uangalifu wa pekee: kodi hulipwa yanapohamia kwa mtu asiye na msamaha, na bei inayoonekana ya kutupa mara nyingi haijaihesabu. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, fedha ipite benki, na uhamisho wa umiliki ufanywe TRA mara moja, nyote wawili mkiwa na TIN. Msomaji wa Kenya ana sheria nyingine: gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hiyo Prado kuukuu utakayoipata huko imekwisha kuishi kwenye barabara za Kenya kwa muda, na historia yake inaulizika.

Ukishalipata, zuia hamu ya kulipamba. Keria ya chuma, winchi na taa nyingi huongeza uzito kabla hujaongeza faida. Piga hesabu: hema la juu ya gari kilo 60, maji lita 40 ni kilo 40, dizeli lita 40 ni kama kilo 34, tairi la pili la akiba kilo 35, watu wanne kilo 280. Hizo ni kilo 449, na bado hujapakia sufuria, chakula wala nguo. Soma kwenye kitabu cha gari uzito unaoruhusiwa kwa jumla na ule wa juu ya paa. Vizito vikae chini, katikati ya eksili. Hema la kawaida la ardhini linalala watu vizuri tu, na fedha ya lile la juu inatosha shokapu mpya pande zote.

Vya lazima ni vichache: kompresa ndogo na kipimo cha upepo, koleo, jeki na ubao mpana wa kuiweka isizame, kamba imara ya kuvutia, oili, maji ya rejeta, mikanda na mipira ya akiba. Kwenye mchanga wa makorongo ya Ruaha, punguza upepo hadi kama psi 18, pita polepole bila kusimama, kisha ujaze tena kabla ya kurudi kwenye barabara ngumu. Kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa mvua, kupunguza upepo hakukusaidii sana, wenyeji husubiri pakauke na wewe subiri. Angalia pia gari lako lina ndoano halisi za kuvutia, zilizofungwa kwenye chesisi kwa boliti nene. Vile vijishikio vyembamba vya kufungia gari melini havifai, na kile kichwa cha duara cha trela usikifunge kamba kamwe: kikikatika huruka na kuua. Na ndani ya hifadhi za taifa baki njiani, kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Kuacha barabara ni kosa, na alama za tairi kwenye nyasi hudumu misimu.

Safari ya kwanza isiwe Katavi. Kama uko Dar es Salaam, nenda Pugu na Kazimzumbwi ulale usiku mmoja na mzigo kamili, familia yote ikiwemo. Baada ya kilomita 100 za kwanza kaza nati za tairi zote. Asubuhi, kabla ya chai, angalia ardhi chini ya injini na difu kama pana matone, pima oili na maji, shika kila shokapu uone ipi imelowa. Andika yote kwenye daftari. Jumatatu mpelekee fundi daftari hilo, na akishamaliza kila kilichoandikwa, fungua ramani yako upange safari ya Iringa.